Kuchemsha Hakutoshi: Namna ya Kumfundisha Mkemia Kuzungumza na Watu

Kwa miongo kadhaa Watanzania wamehimizwa jambo moja kuhusu maji ya kunywa: chemsha. Wamehimizwa na mabwana afya, walimu wa shule za msingi, redio na mabango ya kliniki, hasa kila kipindupindu kinapobisha hodi. Ujumbe umeingia. Mama yeyote wa Arumeru atamweleza mgeni kwamba maji yachemshwe, yachujwe, yafunikwe. Ila katika vijiji vingi vinavyozunguka Mlima Meru, ndani ya maji kuna kitu kingine ambacho si kijidudu. Ni floraidi, inayotoka kwenye miamba ya volkano, na floraidi haifi kwa moto. Maji yakichemka muda mrefu mvuke unaondoka, floraidi inabaki, na kila lita iliyobaki sufuriani inakuwa na floraidi nyingi kidogo kuliko mwanzo.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kemia analijua hilo bila kuambiwa. Swali la namna hiyo akilikuta kwenye mtihani atalimaliza kwa dakika mbili. Lakini mwanafunzi huyohuyo akisimama kisimani Maji ya Chai, mbele ya mama mwenye ndoo mbili na mtoto mgongoni, ni rahisi aanze na florini na nafasi yake katika jedwali la elementi. Mama anaitikia kwa adabu, anajitwisha ndoo, anakwenda kuchemsha.

Vyuo vikuu vingi vya Afrika Mashariki vina kozi ya Stadi za Mawasiliano kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kozi hiyo ina kazi yake: kuandika insha, kuchukua maelezo darasani, kunukuu vitabu. Mara nyingi inafundishwa na idara ya lugha, kwa Kiingereza, katika ukumbi uliojaa wanafunzi wa fani zote. Haimgusi mkemia akiwa mkemia. Ndiyo maana inafaa stadi ya kueleza sayansi ihamie maabarani, iingizwe ndani ya mazoezi yaleyale ambayo mwanafunzi anayafanya na kuyaandikia ripoti, ipewe alama, na ipimwe na msikilizaji halisi anayeweza kusema, “Sijaelewa.”

Pingamizi la kwanza husikika vyumba vya wahadhiri: kueleza ni kipaji, mtu huzaliwa nacho. Michael Faraday anaivunja hoja hiyo. Alikuwa kijana aliyejifunza kazi kwa fundi wa kujalidi vitabu jijini London, hakuwahi kusoma chuo kikuu. Mwaka 1812 alihudhuria mihadhara ya mkemia Humphry Davy katika Royal Institution, akaandika alichosikia, akakijalidi na kumpelekea Davy mwenyewe. Mwaka uliofuata akaajiriwa hapo kama msaidizi wa maabara. Kabla hajapanda jukwaani alikaa akiwachunguza waliopanda, na mwaka 1813 akamwandikia rafiki yake Benjamin Abbott barua kadhaa kuhusu ukubwa wa chumba cha mhadhara, hewa yake, mpangilio wa vifaa, sauti na mwendo wa msemaji. Baadaye akamlipa mwalimu wa ufasaha, Benjamin Smart. Hata alipoanza kuhadhiri aliwekewa mbele yake kadi yenye neno moja la kumkumbusha aende polepole. Huyo ndiye aliyekuja kutoa mihadhara ya Krismasi kwa vijana mara 19, na mihadhara yake kuhusu kemia ya mshumaa ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1861.

Kadi ile inafaa kuigwa bila marekebisho yoyote. Mwanafunzi anapowasilisha, mwenzake akae mstari wa mbele na kadi mbili, moja ya “Polepole” na nyingine ya “Muda”. Vijana wengi wakiwa na wasiwasi husema haraka kama watangazaji wa mpira.

Lakini kasi ni jambo dogo. Kazi kubwa iko kwenye mpangilio wa mawazo, na hapo inafaa kutazama maandishi yenyewe. Hii ni aya ya aina ambayo mwanafunzi mzuri wa mwaka wa tatu huandika anapoambiwa awaeleze wanakijiji kuhusu floraidi:

“Floraidi ni anioni ya elementi ya florini yenye chaji hasi moja. Ukolezi wake katika maji ya ardhini hutegemea jiolojia ya eneo husika. Ukolezi unaozidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani, huweza kusababisha floraidi kujipachika katika haidroksiapataiti ya enameli na kuleta fluorosisi ya meno na, kwa viwango vikubwa zaidi, ya mifupa. Teknolojia mbalimbali za uondoaji zipo, ikiwemo ufyonzaji kwa kutumia mkaa wa mifupa.”

Hakuna kosa la kemia humo. Mhadhiri angeweza kuipa alama za juu. Na hii ni aya ya kisima hichohicho, baada ya mwandishi kulazimika kukaa na msikilizaji na kuirudia:

“Maji ya kisima hiki yana floraidi nyingi. Haionekani, haina harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Anayedhurika zaidi kwa upande wa meno ni mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi, yaani tangu azaliwe hadi afike kama miaka minane. Meno hayo yakitoka na madoa ya kahawia, mswaki hauyatoi. Kwa hiyo kama maji ya mvua mliyokinga ni machache, yawekeni kwa ajili ya watoto, ya kunywa na ya kupikia chakula chao. Ya kisima yatumieni kufulia na kuoshea vyombo. Na magadi mnayotia kwenye maharage au makande yapunguzwe, maana baadhi ya magadi yana floraidi pia.”

Aya ya pili si fupi kuliko ya kwanza, kwa hiyo ushauri wa kawaida wa “fupisha” haukuwa dawa. Kilichobadilika ni mahali pa kuanzia. Ya kwanza inaanza na florini, ya pili inaanza na kisima. Ya kwanza inataja teknolojia ambayo kijiji hakina, ya pili inagawa maji ambayo familia tayari inayo. Na ile sentensi ya kuchemsha haikutoka kitabuni. Hakuna kitabu cha kemia kitakachomwambia mwanafunzi kwamba msikilizaji wake ameshafundishwa jambo sahihi kuhusu kipindupindu ambalo sasa linamziba masikio kuhusu floraidi. Hilo hupatikana kwa kuuliza: “Mama, nyumbani maji ya kunywa mnayafanyaje?” Kwa hiyo zoezi la kwanza la muhula lisiwe la kueleza chochote. Liwe la kwenda kuuliza maswali matatu na kuandika majibu kama yalivyotamkwa, bila kuyasahihisha.

Kuna kilichoachwa, na wahadhiri makini watalalamika. Aya ya pili haisemi lolote kuhusu mifupa, ingawa floraidi nyingi kwa miaka mingi huikakamaza na kuipinda. Haisemi pia kuhusu mkaa wa mifupa, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hukohuko Arumeru, kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Mabishano ya nini kibaki na nini kiondoke yafanyike darasani kwa sauti, kwa sababu humo ndimo mwanafunzi anapojifunza kupima. Mkaa wa mifupa wenyewe ni mfano mtamu wa mabishano hayo. Kwa mkemia ni jambo la haidroksiapataiti kubadilishana ioni na maji. Kwa anayekunywa, swali la kwanza ni mifupa ya mnyama gani. Mwislamu atataka kujua kama kuna nguruwe, Mhindu atauliza kuhusu ng'ombe. Mwanafunzi asiyelitarajia swali hilo atalichukulia kuwa ni ujinga, na mazungumzo yataishia hapo.

Msingi wa yote haya ni kuanza na uamuzi ambao msikilizaji anapaswa kuufanya, kisha kuirudisha kemia kama jibu la “kwa nini?” Kwa hilo ni vigumu kupata somo zuri kuliko muhogo mchungu.

Mwaka 1985, ukame ulipoibana Tarime, familia zilifupisha siku za kuandaa muhogo mchungu kwa sababu njaa haikungoja. Matokeo yake yakawa mlipuko wa konzo, ugonjwa unaoipooza miguu ghafla na kuiacha hivyo maisha yote. Muhogo mchungu una linamarini, ambayo kimeng'enya kilichomo ndani ya muhogo wenyewe huivunja mpaka ikatoa sianidi. Unga ulioandaliwa kwa haraka hubaki na linamarini ambayo haijavunjwa. Miaka mingi baadaye Howard Bradbury, mkemia wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na wenzake walipendekeza njia nyepesi sana: unga ulowanishwe kwa maji, utandazwe uwe tabaka jembamba, uachwe saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha upikwe ugali siku hiyohiyo. Njia hiyo ikachorwa kwenye mabango ya picha katika lugha mbalimbali, na ilipojaribiwa vijijini Kongo ilisaidia kuzuia wagonjwa wapya.

Darasani zoezi linaweza kwenda hivi. Mwanafunzi anaandika hatua tu, bila neno hata moja la kemia. Kisha wenzake wanashika nafasi ya akina mama wa kijiji na kumbana. Mbona tabaka liwe jembamba? Mbona hata kivulini panafaa, si jua ndilo linalokausha? Je, unga ukiwekwa kwenye ndoo yenye mfuniko ili kuku wasiuguse? Sasa kemia inaingia, na inaingia kwa sababu imeitwa. Maji yanakikutanisha kimeng'enya na linamarini. Joto linaharakisha, lakini hata bila jua kazi inaendelea, ila taratibu. Sianidi inaondoka kama gesi, kwa hiyo tabaka nene huizuia na mfuniko huifungia ndani. Mwanafunzi aliyejibu maswali matatu ya namna hiyo ameielewa mada kuliko aliyekariri mlinganyo. Mtahini mzuri ataongeza la nne: je, njia hii inatosha peke yake? Haitoshi. Ni nyongeza kwa maandalizi ya kawaida ya muhogo, na lishe yenye protini kidogo huzidisha hatari ya konzo.

Lugha ina nafasi yake hapa, na haina haja ya kugeuzwa vita. Mtanzania amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kemia yote ya sekondari na chuo kwa Kiingereza. Istilahi zipo kwa wanaozitaka: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kwa mwalimu, manufaa ya kuagiza kazi kwa Kiswahili yako kwingine. Mwanafunzi akieleza kwa Kiingereza anaweza kupita juu ya shimo la uelewa akibebwa na sentensi ya kitabu. Akieleza kwa Kiswahili sentensi hiyo haipo, kwa hiyo shimo linaonekana, kwake na kwa mhadhiri. Hata wanafunzi ambao baadaye watafanya kazi kwenye maabara zisizokutana na mwananchi hufaidika na zoezi hilo.

Sehemu inayowashinda wengi ni namba. Kiwango cha juu cha sumukuvu katika mahindi kinachokubalika kwenye viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Mwanafunzi akiambiwa aieleze namba hiyo kwa mfanyabiashara wa nafaka, hukimbilia kumfundisha mikrogramu. Aiache. Apige hesabu mpaka afike kwenye magunia: ni gramu moja iliyosambaa ndani ya magunia 1,000 ya kilo 100. Mfanyabiashara anajua magunia 1,000 ni rundo la namna gani ghalani.

Lakini hapo pana mtego, na afadhali mhadhiri aache wanafunzi waingie kwanza. Gramu moja katika magunia 1,000! Msikilizaji atacheka na kusema hiyo si kitu. Hesabu iliyokusudiwa kuonya imemtuliza. Kwa hiyo namba isiende peke yake, iandamane na kilichotokea. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwaugulisha watu 317 nchini Kenya, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, na 125 kati yao walifariki. Katika mahindi yaliyopimwa sokoni wakati huo, sampuli 7 kati ya kila 100 zilikuwa na zaidi ya mikrogramu 1,000 kwa kilo. Sasa mfanyabiashara ana vitu viwili vya kulinganisha: kiwango kinachoruhusiwa, na mahindi yaliyokizidi zaidi ya mara 100. Na anataka kujua la tatu, ambalo ndilo lake: mahindi yalilowea wapi, yakaanikwa juu ya nini, yakafungwa ghalani yakiwa na unyevu kiasi gani.

Wanafunzi wa sayansi huwa na imani moja isiyosemwa, kwamba watu wakijua watafanya. Darasa halina budi kuzungumza juu ya Msamvu. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka katika eneo hilo la Morogoro, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Miaka kumi kabla, mwanzoni mwa 2009, jambo kama hilo lilitokea Sachangwan nchini Kenya, nako zaidi ya 100 wakafa. Je, walikufa kwa kutojua kwamba petroli inawaka? Kila mtu anajua. Bango la “Petroli ni hatari” lisingeongeza kitu. Yapo mambo mawili ambayo wengi hawayajui: petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi kali kuliko yoyote ya Njombe, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi kwenye cheche iliyo mbali na dimbwi lenyewe. Anayechota hudhani kinga yake ni kutowasha kiberiti. Hilo ni jambo ambalo mkemia anaweza kulieleza, tena kwa sentensi mbili. Umaskini unaomfanya mtu aone lita 5 za bure kuwa riziki, hilo mkemia haliwezi, na afundishwe kulikiri badala ya kuongeza slaidi.

Ipo hatari ya upande wa pili: msemaji hodari mno. Kwa hilo kuna mzaha wa zamani unaofaa kutumiwa mara moja kwa muhula. Mwaka 1997 Nathan Zohner, mvulana wa miaka 14 katika jimbo la Idaho, Marekani, aliwapa wenzake 50 maelezo kuhusu “dihaidrojeni monoksaidi”: ikiwa gesi huunguza vibaya, ikivutwa mapafuni huua, imo ndani ya mvua ya asidi. Akawauliza kama ipigwe marufuku. Wenzake 43 wakaafiki. Kemikali hiyo ni maji. Hakudanganya hata neno. Mwanafunzi apewe kazi ya kuandika aya kama hiyo kuhusu kitu cha jikoni, chumvi au siki, kisha aandike ya pili inayotumia ukweli uleule bila kutisha. Baada ya hapo hataitazama tena video ya WhatsApp kuhusu “kemikali zilizomo kwenye nyanya” kwa jicho lilelile.

Namna ya kusema “hatujui bado” nayo inafundishika, na mfano mzuri uko nyumbani, japo ni wa fizikia. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friza ungali moto, akaona umeganda kabla ya ule wa mwenzake uliowekwa bila kuchemshwa. Alichekwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuja kutoka Dar es Salaam, na Osborne hakucheka, akaenda kujaribu. Mwaka 1969 jarida la Physics Education lilichapisha makala yao, na sehemu ya Mpemba inaanza na maziwa na friza, kwa maneno ambayo mwanafunzi yeyote angeyaelewa. Mwaka 2016 watafiti wawili nchini Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walipima upya, wakapitia vipimo vya wengine pia, na hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba jambo hilo hutokea.

Mwanafunzi aandike hadithi hiyo kwa maneno 150, kwa namna ambayo msomaji ataondoka na heshima kwa Mpemba na kujua pia kwamba mjadala haujafungwa. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Wengi wataificha sehemu ya 2016 kwa uzalendo, wengine wataitumia kumfuta Mpemba kabisa. Kinachotakiwa ni kupanga vitenzi: tumepima, tunadhani, hatujathibitisha.

Vitenzi hivyo vinakuwa na uzito wa kweli pale matokeo yanapomhusu mtu mwenye jina na kisima. Tuseme kundi la wanafunzi limechukua sampuli za visima vitano kwa ajili ya zoezi la elektrodi ya floraidi, na kimoja kimesoma miligramu 6 kwa lita. Ripoti ya maabara inaishia kwenye grafu. Mwenye kisima anangoja. Nani amwambie, na amwambie nini? Idara nyingi hazijaliwaza swali hili, na ni afadhali liwazwe kabla ya chupa ya kwanza ya sampuli kujazwa. Mwenye kisima aambiwe kwanza, peke yake, kabla ya mkutano wa kijiji na kabla ya picha yoyote kutumwa kwenye kundi la WhatsApp. Aambiwe nani amepima na kwa kifaa gani. Na njia ya kupata kipimo cha uhakika iwe imeandaliwa, iwe ni kupitia RUWASA, wakala wa maji vijijini, au maabara inayotambulika.

Mazungumzo yenyewe yafanyiwe mazoezi darasani, mmoja akiwa mwenye kisima.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba wanangu. Mmeleta majibu ya maji yetu?”

“Ndiyo mama. Floraidi iko juu ya kiwango. Tumepima mara mbili, ila sisi ni wanafunzi, kipimo cha kuamulia kitatoka kwa watu wa maji.”

“Sasa nikifunge kisima?”

Hapo ndipo wengi hukwama. Wamekuja na namba, hawakuja na jibu la swali hilo, kwa sababu kwenye mwongozo wa zoezi halimo. Jibu linawezekana: asikifunge, aendelee kufulia na kuogea, maji ya kunywa ya watoto yatafutwe kwingine au yakingwe mvua inaponyesha, na watu wa maji waitwe. Kama mwanafunzi hana uhakika, aseme atauliza na atarudi lini, kisha arudi.

Mhadhiri mwenye wanafunzi 200 na msaidizi mmoja atasema haya ni mazuri kwa chuo cha matajiri. Hesabu yake si mbaya hivyo. Makundi ya watu watano yanatoa kazi 40 kwa muhula. Kila kazi iwe sauti ya dakika mbili iliyorekodiwa kwa simu, au ukurasa mmoja wa Kiswahili, na ipitie rasimu mbili mikononi mwa makundi mengine kabla haijamfikia mhadhiri. Saa mbili za kusikiliza zinatosha. Ripoti mbili kati ya ripoti za maabara za kawaida ziondolewe ili kupisha nafasi. Nyingi ya hizo hunakiliwa kutoka kwa waliotangulia, na kila mtu idarani anajua.

Alama zigawanywe kwa uwazi. Kati ya 20, zinaweza kwenda 8 kwa usahihi wa kemia, 8 kwa kile ambacho msikilizaji aliweza kukirudia kwa maneno yake mwenyewe, na 4 kwa mabadiliko kati ya rasimu ya kwanza na ya mwisho. Hizo 8 za katikati ndizo zenye nguvu. Msikilizaji anaombwa amweleze mtu wa tatu alichokisikia, na mwanafunzi anakaa kimya akisikia maelezo yake yakirudi yakiwa yamepinda. Kazi yenye kosa la kuhatarisha mtu ipate sifuri hata kama ilipendeza, na ifundishwe upya.

Wasikilizaji hawako mbali: mama lishe wa getini, bodaboda, walinzi, wanafunzi wa sheria na biashara. Waombwe kwa heshima, wajue wanarekodiwa, na muda wao ulipwe angalau kwa soda. Mada zichaguliwe zile ambazo watu hao wanazigusa, kama vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki, kwa nini sabuni haitoi povu kwenye maji ya chumvichumvi, au zebaki ya wachimbaji wadogo inapochomwa ili dhahabu ibaki.

Na mhadhiri aanze yeye, mbele ya darasa lote, kadi ya “Polepole” ikiwa imeinuliwa. Msikilizaji wa kwanza anaweza kuwa mfanyakazi wa usafi wa jengo hilohilo la kemia. Ana chupa ya jiki mkono mmoja na ya asidi ya kusafishia choo mkono wa pili, pengine amewahi kuambiwa kwamba zikichanganywa choo hung'aa zaidi, na gesi ya klorini itakayotoka humo ataivuta yeye kabla ya mwanafunzi yeyote kuingia darasani asubuhi.